Tupeane uzoefu: kazi ya kujitolea kwa ajili ya ndege imezaa nini kwenu?

MwanaMarafa

Hamjambo wapenzi wa ndege. Vikundi vya kuangalia ndege vimeongezeka pwani na bara, na picha nzuri tunaziona kila siku. Hapa naomba tuzungumzie ile kazi isiyopigwa picha: kuhesabu, kuandika, kupita msituni usiku mkisikiliza, kukaa chini ya mwembe na mwenye shamba mpaka mwelewane. Kila mtu aseme amefanya nini, wapi, na baadaye kilitokea nini. Naanza na kwetu.

Niko Dakatcha, kaskazini ya Malindi, upande wa Marafa. Tuna ndege aitwaye kwera wa Clarke. Dume ana kichwa cheusi na tumbo la manjano, jike ana mgongo wa kijani kilichofifia, na dunia nzima hapatikani nje ya kaunti ya Kilifi. Aliandikwa kitaalamu mwaka 1913, kisha karne nzima ikapita watu hawajui anataga wapi. Miezi mingine makundi yalionekana msitu wa Arabuko-Sokoke, yakipekua wadudu juu ya miti ya mirihi, halafu yanatoweka. Viota vilikuja kupatikana Machi 2013, huku kwetu Dakatcha, kwenye kinamasi kinachojaa wakati wa mvua na kukauka baadaye. Vilikuwa vimesukwa kwenye ndago, juu kidogo tu ya maji. Waliovitafuta ni wanakikundi wa huku pamoja na shirika la uhifadhi la Nature Kenya.

Tangu hapo kazi yetu ilibadilika. Zamani tukisema "linda msitu" tulikuwa tunawaza miti tu: tanuri za makaa na mashamba ya mananasi yanayokula mirihi. Sasa tunajua ndege huyu anataka vitu viwili kwa pamoja, mirihi ya kumlisha na kinamasi cha kuzalia, na kinamasi hicho mara nyingi ni pale watu wanaponyweshea mifugo au wanapotaka kulima. Mvua ikinyesha vizuri tunazunguka vidimbwi vyote, hata vile vilivyokuwa vitupu mwaka uliopita, kwa sababu anaweza kuhama kutoka kimoja hadi kingine. Tunakaa mbali na ndago, tunahesabu wanaoingia na kutoka, tunaondoka. Nikiulizwa faida iko wapi, nasema hivi: mzee mwenye kidimbwi kimoja sasa ndiye anayetupigia simu kwanza makundi yakianza kutua.

Mida_Bamvua

Asante dada. Mimi niko Mida, mkono wa bahari wenye mikoko karibu na Watamu. Kazi yetu kubwa ni hesabu ya ndege wa majini kila Januari, ile inayofanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na hapa Kenya ina miaka zaidi ya thelathini.

Wageni hudhani kuhesabu ni kusimama na darubini tu. Mida haiko hivyo. Maji yakitoka, ndege wanatawanyika kwenye tope maili nzima na huwezi kuwafikia. Lazima uende na maji ya bamvua, wakati wa kujaa, yanapowasukuma wote kwenye vipande vichache vya mchanga. Hapo una muda mfupi. Unahesabu kumi, unaona kumi hiyo imechukua nafasi kiasi gani kwenye kundi, kisha unahamisha jicho kumi baada ya kumi. Mmoja anatazama, mwingine anaandika, hakuna kupiga soga. Akipita kipanga wote wanaruka, mnaanza upya.

Wengi wao ni kitwitwi wanaozaliana Siberia wakaja na kaskazi. Ila mimi roho yangu iko kwa yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na domo nene jeusi. Huyu hatoki Ulaya. Anazaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, Oman ikiwemo, na anachimba shimo mchangani kama panya, akataga yai jeupe moja tu. Mtu wa Muscat akisoma hapa ajue ndege wake tunamtunzia huku miezi mingi ya mwaka.

Mmeuliza imezaa nini. Pale Mida pana daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya kuvuka inaingia kwenye mfuko wa karo wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, kwa wanafunzi wa sekondari wanaotoka pembeni ya Arabuko-Sokoke na Mida. Mzazi ambaye mtoto wake amesoma kwa mfuko ule huhitaji kumwendea na hotuba kuhusu kukata mikoko.

Shamba la Kondoo

Salamu kutoka Kinangop, baridi yake mnaijua. Kwetu hakuna msitu wa kulinda. Tunalinda manyasi, na manyasi yenyewe yako kwenye mashamba ya watu wenye hati zao.

Tuna ndege wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei, ambaye nje ya nyanda za juu za Kenya hayuko. Anaishi kwenye nyasi fupi zenye vishungi vizito, na ndani ya hivyo vishungi ndimo anamojificha na kutaga. Ukishalima viazi hahamii pembeni kama ndege wengine. Amekwisha. Kuhesabu kwetu ni kupanga mstari wa watu, kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, tunatembea polepole uwanja mzima tukimfurusha na kuandika alikoinukia. Umande unakulowesha mpaka magotini.

Lakini ukweli ni kwamba kuhesabu ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kumkabili jirani ambaye bei ya viazi imepanda, ukamwambia aache uwanja wake bila kulima. Kwa nini akubali? Kilichosaidia hapa ni kondoo. Kondoo wanakula nyasi bila kung'oa vishungi, na kina mama wamefundishwa kusokota sufu na kufuma mazulia ya kuuza. Nature Kenya nayo ilinunua vipande vya ardhi vikabaki manyasi moja kwa moja. Vipande hivyo ni vidogo, na mimi kila mwaka naona plau ikiingia mahali pengine. Sitaki kuwadanganya kwamba tumeshinda. Ila pale penye kondoo, tukipita na mstari wetu, bado anainuka.

Mwalimu wa Sayansi

Nina swali kabla sijatoa langu. Wanafunzi wangu huniuliza kuhusu kuvisha ndege pete. Je, hawaumii? Na kuna maana gani kumkamata ndege ambaye unaweza kumwona kwa darubini?

Pete na Rula

Mwalimu, shikamoo. Nimejitolea kwenye kambi ya kuvisha ndege pete ya Ngulia, Tsavo Magharibi, ngoja nijibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Kambi hiyo imeendelea tangu 1969, mwishoni mwa mwaka, wakati wahamiaji wanashuka kusini. Usiku usio na mwezi ukungu ukishuka kwenye ule mlima, ndege wanaosafiri gizani wanapoteza njia na kuvutwa na taa za hoteli. Wanatua kwa maelfu. Nyavu nyembamba zinatandazwa, na kuanzia hapo hakuna kulala. Kila ndege anatolewa wavuni kwa mkono, anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko unatundikwa kwenye msumari mpaka zamu yake ifike.

Namna ya kumshika ndiyo jambo la kwanza unalofundishwa, na hulisahau tena: shingo inapita kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani, vidole vingine vinamzunguka bila kumbana kifua, maana ndege anapumua kwa kukipanua kifua. Ukimbana pale utamuua hata kama hukukusudia. Kisha pete ya alumini inafungwa mguuni kwa koleo maalumu. Ni nyepesi mno, inacheza juu na chini bila kubana, na ina namba pamoja na anwani ya Makumbusho Nairobi. Unapima bawa kwa rula, unapuliza manyoya ya tumbo kuona mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi, unampima uzito, unamwachia. Anayefanya vyema anamaliza kwa muda mfupi kuliko uliotumia kusoma aya hii. Na mtu haruhusiwi kuvisha pete bila kufunzwa na kupewa kibali, hilo waambie wanafunzi wako kwa mkazo.

Maana yake? Darubini inakuonyesha ni ndege wa aina gani. Pete inakuonyesha ni yule yule. Ngulia wamevishwa ndege laki nyingi kwa miaka yote hiyo, na wachache wao wameokotwa au kunaswa tena nchi za mbali kaskazini, ndipo njia yao ikajulikana. Yule kijindege wa kahawia wa vichakani, ambaye Mzungu wa Ulaya humsikia akiimba wakati wa kiangazi chake, miezi ya baridi ya kwao anashinda huku Afrika na kupita Tsavo usiku. Ukimlinda kwake peke yake umemlinda nusu.

Wa Bunyala

Mimi langu halina utamu, lakini naona ni lazima lisemwe.

Huku Busia kwenye mashamba ya mpunga wa Bunyala kuna korongo mwenye domo lililo wazi katikati hata akilifunga. Chakula chake ni konokono, na hilo domo ni la kazi hiyo. Kuna watu wanaookota konokono, wanawatia dawa kali ya wadudu aina ya kabofurani, kisha wanawarudisha majini. Wengine wanafunga korongo hai kwa kamba pale pale ili wenzake waone kuna usalama na kushuka. Anayekula anapooza miguu, anaanguka, anachinjwa, na nyama inauzwa kwa watu. Narudia: nyama inauzwa kwa watu.

Kikundi chetu hakina bunduki wala mamlaka ya kumkamata mtu. Tunatembea mitaroni asubuhi, tunaandika mizoga, mahali na tarehe, tunapeleka kwa maafisa wa wanyamapori. Kilichofanya watu wasikie zaidi kuliko korongo ni tumbo. Tulikaa na akina mama wa sokoni na kueleza dawa ile ni nini, kwamba haitoki kwa kuchemsha sana. Ndipo maswali yakaanza, "Nyama hii imetoka wapi?" Muuzaji akiulizwa hivyo mara nyingi, anahama. Haijaisha, lakini mitaro ya karibu na soko imetulia kuliko ilivyokuwa.

Dar Asubuhi

Wa Bunyala, pole sana na hongera. Huo ni ujasiri.

Kwetu Dar tatizo ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakaenea pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo. Sisi tulijitolea kwenye mitego ya vizimba, ile yenye nyama ndani na mlango wa juu, kunguru anashuka ila hawezi kupanda. Kazi chafu na yenye kelele. Kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe akiingia anaachiwa. Mtaa ukipungukiwa kunguru, chozi na kurumbiza wanarudi kwenye michongoma wenyewe bila kuitwa. Ukiacha kutega miezi kadhaa, unarudi palepale, na hilo ndilo linalokatisha tamaa: bila mitaa ya jirani kutega pia, hufiki mbali.

Mgeni

Nimesoma yote. Naishi Vipingo, sina darubini, sina kikundi. Naanzaje?

MwanaMarafa

Karibu sana. Anza na mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa. Unachagua mraba unaoishi, unatumia angalau saa mbili ukiupitia sehemu zake tofauti, makonde, ufuo, vichaka, na unaandika kila aina kwa mpangilio uliowaona. Orodha unaweza kuiongezea mpaka siku tano, halafu unaituma. Mpangilio ni muhimu kwa sababu wale wanaotokea mwanzo wa orodha nyingi ndio walio wengi. Usiyemtambua usimkisie, mwache nje. Masikio yako pia yanahesabika: ukiwa na hakika na mlio, andika.

Wala usiseme "hapa kwetu ni kunguru na shomoro tu". Orodha ya shomoro ina kazi yake. Baada ya miaka kumi mtu atataka kujua walikuwepo au la.

Mida_Bamvua

Vipingo ni njiani kuja kwetu. Januari tunakosa waandishi kila mara, wahesabuji tunao. Darubini utaazimwa, wewe njoo na kofia, maji ya kunywa, na viatu ambavyo hutavililia vikiingia tope.