Mtaro unaishia ukingoni mwa karatasi, halafu mnataka tusaini

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na hasira bado ziko kooni, mtanisamehe nikikosea herufi.

Juu ya mtaa wetu, nje kidogo ya mji hapa Mtwara, kuna shamba la mikorosho la kama hekta 20. Mwenyewe kauza, mnunuzi kaleta kampuni ikate viwanja mia tatu na kitu. Sawa. Ardhi yake, pesa yake, sina kijicho. Leo tukaitwa majirani na wajumbe "kupitia mchoro" kabla haujapelekwa kuidhinishwa. Kupitia kwenyewe sasa: karatasi moja imebandikwa ukutani kwa selotepu, soda zinagawiwa, na daftari linazunguka watu wasaini kabla hata mmoja hajauliza swali. Nikauliza, hili daftari ni la mahudhurio au la ridhaa? Kimya. Mtu akafungua Fanta.

Mimi nimefanya kazi za barabara miaka mingi, nimemwaga zege la makalavati, yale ya kupitisha maji chini ya barabara, mpaka mgongo umepinda. Mchoro najua kuusoma. Nikasogea ukutani.

Mistari ya kontua, ile inayoonyesha ardhi inapanda wapi na inashuka wapi, hakuna hata mmoja. Barabara zimepigwa rula kutoka juu hadi chini kama mistari ya daftari. Kwenye mchanga wetu huu, barabara inayoshuka moja kwa moja na mteremko ni korongo linalosubiri mvua za Januari. Upana mita 8. Toa 6 za magari, inabaki mita moja kila upande: humo utie mtaro, nguzo ya umeme, bomba la maji na mama aliyejitwisha ndoo. Njia tatu zimezibwa mwisho bila pa kugeuzia, kwa hiyo gari la kunyonya vyoo litatoka kinyumenyume. Eneo la wazi wameliweka juu kabisa penye kichuguu, na kule bondeni panapotuama maji wamejaza viwanja, maana ndiko karibu na lami, vinauzika haraka.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni mtaro.

Kuna mstari wa bluu unashuka kando ya barabara yao kubwa, unaingia kwenye kalavati la bomba la milimita 600, unafika mpakani mwa mchoro, unakatika. Pale mwisho wamechora kishale kidogo kinachotazama nje. Basi. Nikaweka kidole juu ya kile kishale nikamuuliza kijana wa kampuni, "Mdogo wangu, kuanzia hapa maji yanakwenda wapi?"

"Mzee, hapo ni nje ya eneo la mradi."

Nje ya eneo la mradi ni kwa mama yangu mdogo! Kile kishale kinapiga katikati ya banda lake la kuku na choo. Choo chenyewe cha shimo, kimezungushiwa mabati, na mlangoni kapanga matofali mawili ya kukanyagia, kwa sababu hata leo, mikorosho ikiwa bado imesimama, mvua kubwa ikipiga maji yanamfika kwenye vifundo.

Nikageuza karatasi ya ajenda nikampigia yule kijana hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10. Ikinyesha milimita 50 kwenye hekta 20, ni mita za ujazo 10,000, yaani maboza 1,000 ya lita elfu kumi kumi. Sasa hivi mengi yanazama mchangani chini ya mikorosho. Ng'oa mikorosho, ezeka mabati mia tatu, sakafia nyua, shindilia barabara, halafu tuseme nusu tu ndiyo itiririke: maboza 500. Yakija ndani ya saa moja ni karibu mita za ujazo 1.4 kila sekunde. Bomba la 600 likiwa safi, kwenye mteremko wa asilimia 1, linapitisha kama 0.6. Hapo hujatia mchanga, chupa za maji na kandambili.

Kijana akaniambia mambo ya wahandisi yatakuja baadaye.

Baadaye lini? Mchoro ukishaidhinishwa anaingia mpima na bikoni zake, yaani alama za mipaka ya viwanja, ramani inasajiliwa, viwanja vinauzwa, hati zinatoka. Ukitaka kupitisha mtaro siku hiyo unapita sebuleni kwa mtu, na fidia juu. Leo unafutika kwa kifutio cha shilingi mia mbili.

Na watu wa kusini tusijifanye wageni wa maji. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitukosakosa, shule zikafungwa, kikaenda kuangukia Msumbiji. Mei 2024 kikaja Hidaya, mvua zikaikata barabara ya Dar pale Somanga, safari zikasimama. Ile ni barabara kuu! Sisi tunajadili bomba lenye kishale.

Mwenyekiti akaniambia nisikwamishe maendeleo. Nimekwamisha nini? Nimeomba kontua, nimeomba mtaro ufuatwe mpaka bondeni kabisa unakomwaga, na eneo la wazi lishushwe chini likae kama bwawa la kupunguzia kasi ya maji. Viwanja vitano au sita vitapungua. Ndiyo maana hawataki.

Daftari liliponifikia nimeandika jina, na pale pa saini nimeandika SIJARIDHIA, MTARO HAUNA MWISHO. Wawili nyuma yangu wakaandika hivyo hivyo, wengine wamekunywa soda wameondoka.

Mwenye uzoefu wa kuandika pingamizi la mchoro aniambie barua inaanzia kwa nani na nakala ziende wapi. Kikao kingine ni Jumanne. Mama mdogo nimemwambia aje mwenyewe, na tofali lake moja alibebe.