Ushauri: Mwekezaji anataka kujenga ghorofa 9 kwenye kiwanja cha marehemu mzee wetu, kilichopo Kijitonyama, Dar. Tusaini?

Mwana wa Kijitonyama:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mzee alipata kiwanja Kijitonyama miaka ya sabini, serikali ilipokuwa inapima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Alijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa kiwandani. Alifariki 2016. Mama ana miaka 74, anaishi humo na mjukuu. Watoto tuko wanne.

Mtaani kwetu siku hizi kila baada ya nyumba mbili tatu unakuta mabati ya ujenzi. Upande wa mashariki jirani ameshapandisha ghorofa nane. Zamani mama akianika nguo asubuhi, saa nne zimekauka. Sasa jua linafika uani karibu saa sita. Na walipochimba msingi wao, ukuta wa chumba alichokuwa analala mzee ulipasuka kuanzia kwenye lenta mpaka sakafuni, kidole changu cha mwisho kinaingia. Walikuja wakapiga plasta, wakaondoka. Ufa umerudi palepale.

Sasa na sisi tumepata mwekezaji. Anataka ubia: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa 9 zenye nyumba 24, atupe nyumba 5, na ampangie mama nyumba kwa miezi 30 ya ujenzi. Sharti lake ni tumkabidhi hati aiweke benki apate mkopo. Hati bado ina jina la mzee. Kaka mkubwa anasema tusaini haraka kabla hajahamia kwa jirani. Dada hataki hata kusikia. Mama kanyamaza, na mama yetu akinyamaza ujue kuna jambo.

Nifanye nini?

Nondo Kumi na Sita:
Pole kwa presha, mkuu. Mimi ni mhandisi, nina miaka 14 saiti. Nitaongelea jengo tu, mambo ya sheria wapo wenyewe.

Kabla ya chochote, shughulikia huo ufa. Chukua penseli, weka alama mwanzo na mwisho wake, andika tarehe pembeni, piga picha na rula ikiwa imewekwa juu ya ufa. Rudia kila Jumapili. Ukiendelea kufunguka, huyo jirani kakuchimbia udongo unaoshikilia msingi wako, na plasta haitibu hilo. Peleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya mhandisi wa manispaa, ubaki na nakala yenye muhuri. Na mama ahame chumba hicho leo, siyo wiki ijayo.

Kuhusu mwekezaji: mwulize ripoti ya udongo. Ghorofa 9 hazikadiriwi kwa macho, lazima ardhi itobolewe kwa mashine na sampuli zipimwe maabara. Kama mpo karibu na bonde ndiyo zaidi, maji ya ardhini huwa karibu na uso wa ardhi. Halafu mwulize mkandarasi ni nani na amesajiliwa daraja gani kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Madaraja yapo saba na kila moja lina ukomo wa kazi, sasa kuna watu wanaazima jina la kampuni kubwa kwenye makaratasi wakati kazi inafanywa na fundi wa mtaani. Nenda bodi ukahakiki mwenyewe.

Zege likimwagwa, sampuli zake zinajazwa kwenye maboksi ya sentimita 15 na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Mkataba useme na nyinyi mtapewa nakala ya majibu hayo kila ghorofa. Mwekezaji akikataa hilo, achana naye.

Na idadi ya ghorofa iandikwe kwenye mkataba, isiongezwe hata moja bila kibali kipya. Nilikuwa Dar ile Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi. Watu 36 walikufa. Kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zile. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, tukarudi kufukua tena. Msifikiri ni mambo ya mbali.

Bint wa Mikocheni:
Mimi niko upande wa kaka yako kwa kiasi fulani. Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 sensa ya 2012, ya 2022 ikaja milioni 5.38. Watu hawa wataishi wapi? Familia yetu iliingia ubia, tukapata nyumba nne, kodi ndiyo inasomesha watoto. Ila 5 kati ya 24 ni kidogo mno kwa kiwanja cha huko. Na usihesabu milango, hesabu mita za mraba. Wanaweza kukupa tano ndogo za nyuma, za mbele zenye upepo wakauza.

Wakili Mstaafu:
Kijana wangu, hapo hakuna wa kusaini. Hati ina jina la marehemu. Kaka yako hana mamlaka kwa kuwa ni mkubwa, na wewe huna. Nendeni mahakamani mkafungue mirathi, ateuliwe msimamizi, ndipo mzungumze na mtu yeyote. Mama ana haki yake kama mjane, asichukuliwe kama mgeni wenu. Angalieni pia hati imebakiza miaka mingapi.

Hati kwenda benki kwa mkopo wa mtu mwingine: hapana. Akishindwa kulipa, benki haitauza gari lake, itauza kiwanja chenu. Kama hana mtaji wake, atafute mwenzake. Mkataba useme wazi kila nyumba itapata hati yake kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na zipi ni zenu kwa namba na ghorofa, tangu siku ya kusaini.

Dada wa Tabata:
Nimesoma nikalia. Sisi tulimpa hati 2015. Nguzo zilifika ghorofa ya tatu, hela ikaisha, akaacha kulipa kodi ya nyumba aliyompangia mama. Tukawa tunachangishana kila mwezi. Mama alifia kwenye nyumba ya kupanga, anatazama picha ya nyumba yake kwenye simu. Nondo zimeota kutu mpaka leo na kesi haijaisha. Ndugu yangu, kodi ya mama idai yote ya miezi 30 mbele, iwekwe akaunti ambayo yeye hawezi kuigusa.

Mwana wa Kijitonyama:
Nawashukuru sana, na pole sana dada wa Tabata. Leo nimemhamisha mama chumba na nimeweka alama kwenye ufa. Kaka nimemsomea maneno ya Wakili, amekubali tuanze na mirathi.

Jioni nilikaa na mama jikoni nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Mnaniuliza leo?" Kisha akasema ghorofa halimtishi, ila ana mambo mawili. Magoti yake hayapandi ngazi umeme ukikatika. Na la pili, "Nikifa turubai mtaliweka wapi?" Msiba wa mzee watu walikaa uani siku tatu. Sikuwa na jibu.

Mama Ghorofa ya Saba:
Mwambie mama ameuliza maswali ya maana kuliko mwekezaji. Naishi Upanga ghorofa ya saba. Lifti ikifa, nabeba unga mgongoni ngazi 126, nimezihesabu. Maji ya DAWASA hayapandi yenyewe, yanaingia tangi la chini kisha pampu inayasukuma juu, na pampu ni umeme. Kila mwezi tunachanga jenereta, lifti, mlinzi na usafi, na wasiochanga hawakosekani. Nyinyi na nyumba zenu tano mtalipa mara tano, ulizeni kiasi mapema.

Mama apate nyumba ya chini kabisa, iandikwe kwenye mkataba kwa jina lake. Na mdai uwanja wa wazi chini, mita zake ziandikwe, usigeuzwe maegesho wala fremu za duka. Kwetu tulipofiwa mwaka jana tuliomba wenye magari wayatoe, wawili wakagoma, wanawake wakakaa kwenye ngazi.