Baba alikuwa mkurugenzi wa uhandisi, nami nimepewa wasifu wake niuandike nikiwa huku nje ya nchi

Kutoka: Binti wa Mhandisi

Wakubwa shikamooni, wenzangu poleni na kazi. Wengi mmeshaiona tanzia: baba yetu ametutoka. Asanteni kwa simu na rambirambi. Kusafiri sitaweza. Kibali changu cha ukaazi bado kinahuishwa, na nikitoka sasa sina uhakika wa kuruhusiwa kurudi. Tumelijadili na mama, kasema nibaki. Ndugu zangu wamegawana kazi, mimi nimeangukiwa na wasifu wa marehemu, eti ndiye mwenye kalamu.

Nilicho nacho ni wasifukazi wake wa kurasa mbili. Alianza mhandisi wa mitambo, akawa meneja wa miradi, akaishia mkurugenzi wa uhandisi katika kampuni ya mitambo ya maji. Vyeo na miaka, basi. Humo baba simwoni. Upande wa nyumbani tunao sisi watoto, lakini nikiandika huo peke yake, watu aliofanya nao kazi maisha yake yote watakaa pale wasisikie hata kitu kimoja wanachomjulia. Aliyewahi kumwandikia mzazi wa namna hii akiwa mbali, alianzia wapi? Na kama kuna karatasi za kushughulikia kutokea huku, nielekezeni.

Kutoka: Kaka wa Karatasi

Pole sana dada. Nijibu la karatasi, la kalamu nawaachia wenyewe.

Ombeni nakala zilizothibitishwa za cheti cha kifo, nyingi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Benki, mfuko wa pensheni, kampuni ya bima, kila mmoja atataka yake na wengine hawarudishi. Ukitakiwa kusaini kitu cha mirathi kutokea huko, ulizia muhuri wa Apostille, unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine. Unatokana na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961: nchi zote mbili zikiwa wanachama, muhuri mmoja wa mamlaka iliyoteuliwa unatosha. Moja ikiwa nje ya mkataba, hati itapita wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotolewa, halafu ubalozi, na huko kunakula muda.

Kama mzee alimpa mmoja wenu hati ya uwakilishi wa kisheria, jueni kwamba kwa kawaida nguvu yake inakoma siku mwenyewe anapofariki. Kwenda benki na hati hiyo leo ni kujitafutia kesi, hata kama nia ni kulipia mazishi. Kuanzia sasa mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi.

Kwa kuwa alikuwa mkurugenzi, waulizeni ofisini kwake kuhusu bima ya maisha ya kikundi, fomu ya mteuliwa (yule aliyemwandika alipwe mafao yake), hisa kama alipewa, na bodi nyingine alizokaa, maana nazo lazima ziarifiwe. Laini yake ya simu msiifunge kwanza. Watakaoipiga wiki hizi ndio haohao utakaowahitaji kwa wasifu.

Picha zake zilizo kwenye akaunti ya Google zishughulikieni mapema. Tangu mwishoni mwa 2023 kampuni hiyo inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka 2. Apple nao tangu 2021 wana utaratibu wa mtu kuteua atakayerithi data zake. Angalieni kama mzee alimteua mmoja wenu. Kama hakuteua, kampuni zote mbili zina utaratibu wa ndugu kuwasilisha ombi.

Na kwenye tanzia ondoeni tarehe kamili ya kuzaliwa pamoja na anwani ya nyumbani. Matapeli wanasoma tanzia kuliko sisi.

Kutoka: Mhandisi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimesikia wasifu wa wenzangu wengi ukisomwa, na mwingi ni wasifukazi uliovalishwa suti nyeusi. Cheo kinafuata cheo, halafu mwishoni aya moja ya "alikuwa baba mwenye upendo". Wewe umeshaliona tatizo kabla ya kuandika, hiyo ni nusu ya kazi.

Usianze na mabosi wenzake. Watakwambia alikuwa mchapakazi na mwadilifu, na hutapata la kuandika. Anza na waliokuwa chini yake: mafundi, mchora ramani, dereva, katibu muhtasi, vijana aliowapokea wakitoka chuoni. Tena usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Waulize ni lini alikataa kusaini. Ni nani alimtetea. Kitu kilipoharibika alifanya nini kwanza, alitafuta chanzo au alitafuta mtu? Ni kitu gani alikwenda kukikagua mwenyewe ilhali angeweza kutuma mtu?

Maana wasikilizaji wengi hawajui mkurugenzi wa uhandisi anafanya nini. Hesabu wanapiga wengine. Yeye kazi yake ni kuamua lini mradi usimame huku pesa zikiteketea, amwamini nani wakati wataalamu wawili wanapingana, na kujibu kwa saini ambazo si zake. Liweke hilo kwa sentensi moja mapema, na visa vyote vitakavyofuata vitaeleweka.

Nikupe mfano wa mwenzetu wa ughaibuni, Fazlur Rahman Khan. Alizaliwa Dhaka, Bangladesh ya leo, mwaka 1929, akaenda Marekani mwaka 1952 kusoma, akapanda hadi kuwa mbia katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill huko Chicago. Jengo la Sears la hukohuko Chicago (siku hizi Willis Tower), ghorofa 110, lilisimama kwa mfumo wake wa kufunganisha minara tisa ya fremu iliyosimama kama mirija ili kila mmoja umsaidie mwenzake kukabili upepo. Mwaka 1971, vita vilipopamba moto kwao, alikuwa mstari wa mbele kuwakusanya watu wa kwao waliokuwa Chicago kutafuta misaada. Alifariki mwaka 1982 akiwa safarini Jeddah, hajafika miaka 53, akazikwa Chicago. Aliyekuja kuandika kitabu kizima kuhusu kazi yake ni binti yake, naye mhandisi wa majengo. Huyo hakulazimika kuchagua kati ya baba na mhandisi, na wewe usikubali kulazimishwa.

Jambo jingine ambalo familia hazilifikirii: tafuta jina lake kwenye Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, yaani haki za uvumbuzi, ni bure. Wahandisi wengi wana hataza ambazo hawakuwahi kuzitaja nyumbani. Jaribu jina kwa tahajia zote. Lakini michoro na ripoti mtakazokuta kabatini kwa kawaida ni mali ya mwajiri au mteja, msizipige picha mkazisambaza. Na kama pembeni alikuwa na ofisi yake ya ushauri, iarifuni kampuni ya bima ya dhima ya kitaaluma, ile ya madai ya makosa ya kazi, kabla bima haijaisha. Bima hizi kwa kawaida hutazama siku dai lilipoletwa, si siku kazi ilipofanyika, na dai linaweza kuja miaka mingi baadaye likaangukia mirathi.

Kutoka: Mama Pacha

Pole mdogo wangu. Mhandisi kasema vizuri, ila mimi nina neno. Baba yangu naye alikuwa bosi wa wahandisi. Wasifu uliposomwa kwamba "siku zote alikuwa karibu na familia yake", sisi watoto tulitazamana. Alikuwa anatupenda, hilo halina ubishi, lakini nusu ya utoto wetu aliishi kwenye kambi za miradi. Mwandishi angesema hivyo tu, halafu akaeleza jinsi alivyokuwa anasahihisha hesabu zetu kwa simu usiku wa manane, tungelia kwa furaha. Usimtakase mzee mpaka wanaomjua wakamtafuta kwenye karatasi wasimpate.

Kutoka: Binti wa Mhandisi

Nimefuata ushauri, nimempata fundi wa pampu aliyefanya naye kazi tangu baba akiwa meneja. Tumeongea hadi chaji ya simu ikaniishia.

Kasema kuna bomba kuu lilikuwa lizinduliwe, wageni wameshaalikwa, lakini tangi la kupunguza mshtuko wa maji halijaunganishwa. Wengine wakashauri lifunguliwe hivyohivyo, polepole, wageni wakiondoka kazi imaliziwe. Baba akakataa. Fundi akanieleza sababu kwa namna ambayo baba hakuwahi kunieleza: maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba refu la chuma, yakisimamishwa ghafla, shinikizo linaruka kama bar 10, sawa na la maji yaliyosimama kwenda juu mita 100. Wimbi lake linapita ndani ya bomba kwa kasi ya karibu kilomita 1 kwa sekunde, linagonga mwisho, linarudi. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, hakuna anayewahi kufanya lolote. Baba alikwenda mwenyewe kuwaambia wageni kwamba hakuna uzinduzi. Kwenye barua kwa wenye mradi akaandika kwamba yeye ndiye aliyesimamisha. Kijana aliyechelewa kuagiza vifaa vya tangi hakutajwa kabisa. Kijana huyo leo ni mhandisi mkuu, na nimepewa namba yake.

Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku kufunga bomba la maji ghafla. Tulifunga kidogokidogo huku amesimama mlangoni, na sisi tulijua ni ukali tu wa mzee. Kwa hiyo nimeanza hivi, niambieni:

"Baba yetu hakupenda kitu chochote kisimamishwe ghafla, isipokuwa kazi aliyoona itaumiza watu. Hiyo aliisimamisha mara moja, na lawama akazichukua mwenyewe. Sisi watoto wake tulijifunza la kwanza bombani, jikoni. La pili tumelisikia wiki hii kwa wenzake."

Kambi za miradi nimeziweka pia, dada. Na ile hamu yake ya kukagua madaftari yetu kwa kalamu nyekundu akirudi, kabla hata hajavua viatu.

Kutoka: Mhandisi Mstaafu

Usiiguse hiyo aya. Kwenye kisa cha bomba toa bar 10, bakiza mita 100. Bar atazielewa mhandisi, mita 100 ataziona kila mtu. Muombe fundi ruhusa ya kumtaja, na huyo kijana pia. Akisita, sema "mhandisi mmoja kijana" upite. Jina la mradi na la mteja liache, halikuongezei kitu. Miaka ya vyeo iweke yote kwenye sentensi mbili karibu na mwisho, anayeitaka ataisikia.

Kutoka: Kaka wa Karatasi

Mimi ningeogopa kusoma moja kwa moja kwa mtandao. Sauti inakatika, na watu wakianza kuitana "unatusikia?" kwenye mazishi, uzito wote unapotea. Jirekodi kabla, tuma faili, na mtu pale awe na nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa. Kurasa mbili zinatosha. Saa ya ibada waandikie kwa saa za huko na za kwako. Kama uko kwenye nchi inayobadili saa kila msimu, hakikisha upya siku ileile.

Kutoka: Binti wa Mhandisi

Atasoma mdogo wangu wa kiume, rekodi yangu ipo kwa tahadhari. Mhandisi aliyekuwa kijana amekubali kutajwa kwa jina, tena ameomba asimame wakati kisa kinasomwa. Mama ameusoma wote akafuta sentensi moja tu, ile niliyoandika kwamba baba hakuwahi kupaza sauti. Kasema wahandisi wake watacheka.

Kaka, fomu ya mteuliwa imepatikana. Iliandikwa alipoajiriwa, jina ni la bibi, na bibi alishatangulia. Hapo inakuwaje?

Kutoka: Kaka wa Karatasi

Mteuliwa akiwa ametangulia na hakuna wa pili, mara nyingi fedha huingia kwenye mirathi. Lakini mifuko mingine kanuni zake zinampa mjane moja kwa moja, au zinawaachia wadhamini wa mfuko waamue. Mama asisaini chochote kwanza. Ombeni kanuni za mfuko kwa maandishi, na mkizipata nitumie ile sehemu ya wanufaika tuisome wote wawili.