Eton ilianzishwa kwa ajili ya maskini: nini kimebaki cha nia hiyo?

Msomaji wa Usiku: Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za shule kongwe za bweni za Uingereza, na jambo moja limenikaa rohoni. Mfalme Henry VI alipoanzisha Eton mwaka 1440, jirani na kasri la Windsor, alitaka wavulana 70 wasio na uwezo wasomeshwe bure. Leo ada ya mwaka imepita pauni 50,000. Je, nia ya mwasisi ingalipo katika maisha ya wanafunzi, au kinachotunzwa ni majengo tu?

Mzee wa Kumbukumbu: Ipo, ijapokuwa imebadilika sura. Wale 70 wapo hadi leo: wanachaguliwa kwa mtihani mgumu, wanaishi pamoja katika sehemu ya zamani ya shule, nao hutambulika kwa joho jeusi wanalovaa juu ya koti. Wengine, ambao ni zaidi ya 1,200, hukaa katika mabweni ya nje, takriban 50 kila bweni, wakiitwa Oppidan, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mji. Jina hilo linasimulia yaliyotokea, kwa kuwa tangu mwanzo watoto wengine waliruhusiwa kuhudhuria masomo huku wakijilipia malazi mjini, na kadiri karne zilivyopita wageni wakawazidi wenyeji. Kinachonisikitisha ni kwamba nafasi zile 70 sasa hupimwa kwa akili wala si kwa uhitaji. Msaada kwa familia za kipato kidogo hutolewa kwa utaratibu mwingine, na wapo wanafunzi wasiolipa chochote.

Binti Maktaba: Naomba nisiache neno "majengo tu" lipite. Kanisa la Eton lenyewe ni kipande cha kanisa kubwa zaidi ambalo halikukamilika, kwa sababu Henry aliondolewa madarakani mwaka 1461. Kuta zake zilichorwa miaka ya 1480 hivi, michoro ikapakwa chokaa mwaka 1560 baada ya Matengenezo ya Kidini, yaani Uingereza ilipoachana na Kanisa Katoliki, ikafichika hadi 1847. Kila tarehe 21 Mei, mayungiyungi ya Eton na mawaridi ya King's College, chuo ambacho Henry alikianzisha Cambridge, huwekwa katika Mnara wa London alikofia mwaka 1471. Mimi naona huko ni kumkumbuka kwa dhati.

Mwalimu Mstaafu: Anayetaka kuiona nia ya aina hiyo ikiwa hai zaidi aitazame shule ya bweni ya Christ's Hospital, iliyoanzishwa London mwaka 1552, enzi za Mfalme Edward VI, kwa ajili ya yatima na watoto wa mafukara, kisha ikahamia Horsham mwaka 1902. Wanafunzi wengi huko husaidiwa ada kulingana na kipato cha wazazi. Wote huvaa koti refu la buluu na soksi za manjano, wakiandamana kwenda kula mchana huku bendi ya shule ikipiga, na sare hiyo hupewa bure kila mtoto, awe analipa ada nzima au halipi hata senti.