Naomba ushauri: simu janja niliyomnunulia mzee imenitokea puani

Kijana wa Kirumba:
Wakuu, heri ya jioni. Baba yangu ana mtumbwi wa dagaa, kambi yake iko visiwani Ukerewe. Zamani mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani, maana taa hazivuti dagaa. Basi ni bao, na redio moja watu kumi, wanangoja Dira ya Dunia saa 12:30 jioni. Mwaka huu nikamnunulia simu janja. Redio sasa kuku anatagia. Kila mtu na kioo chake, mzee anakesha kwenye vipande vya video, bando la wiki linakata siku ya pili na mnunuzi ni mimi. Namrudishaje kwenye kitochi bila kumuudhi?

Mama Wawili:
Hata huku Igoma, kaka. Wanangu wako chumba cha pili wananitumia ujumbe kuuliza kama chai imeiva.

Karabai:
Nilikuwa Ukara 2009. Kambi nzima simu moja, ya tajiri, na mtandao mpaka upande juu ya jiwe. Unapanda kuuliza bei ya dagaa soko la Mwaloni, Mwanza, ukishuka kambi yote inajua mkeo kakujibu nini. Mwacheni mzee, siku hizi bei anaijua kabla hajapakia.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Mkuu, bando haliwezi kukutoa jasho hivi. Mzee kaona nini?

Kijana wa Kirumba:
Hakuna kikubwa.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Kitaje hichohicho kidogo.

Kijana wa Kirumba:
Sawa. Mwezi uliopita alinipigia, mdogo wangu anadaiwa ada. Nikamwambia biashara imelala. Wiki ileile nikaweka status niko Capri Point na washkaji, sato wa kuchoma mezani, chupa zimejipanga. Nikasahau namba ya mzee imo. Asubuhi nakuta jibu lake chini ya picha: "Asante mwanangu, tumeshiba." Hajaongeza neno mpaka leo. Lakini wakuu, bili alilipa mshkaji, na mimi pia ni binadamu, napumzika. Halafu simu yenyewe ninayo hapa. Juzi alileta dagaa Mwaloni, nikamwambia kioo kina shida, naipeleka kwa fundi.

Mama Wawili:
Uwiii! Umemnyang'anya baba yako simu kwa sababu ana macho? Laana haina mtandao, inafika popote.

Binti Buzuruga:
Kuna sehemu ya faragha, unachagua nani asione status. Dakika moja tu, kaka.

Mzee wa Pasiansi:
Chai hii. Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa wa kuleta Mwaloni aliwavua na nani, majini?

Kijana wa Kirumba:
Dagaa wakavu hao, wa siku za giza. Walikaa kambini wakisubiri bei.

Karabai:
Hapo hajadanganya. Na sisi tulikuwa tunawaweka hivyohivyo.

Mzee wa Pasiansi:
Haya, dagaa nimekubali. Ada je, ulituma?

Kijana wa Kirumba:
Wakuu, kanipigia sasa hivi kwa kitochi ya jirani. Anauliza fundi yuko mtaa gani, anataka kuifuata mwenyewe.

Binti Buzuruga:
Mwambie Capri Point.