Eti "anakula jasho la watoto", na ripoti niliyoichapa mwenyewe ndiyo aliyoninyooshea!

KalamuNyekundu (mleta mada):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano mkuu wa asasi yangu ya kufundisha watoto kusoma, hata viatu sijavua.

Yule mnamjua. Kila asasi inaye. Ada hajalipa, dawati hajawahi kubeba hata moja, lakini kipaza sauti kikipita mita kumi kutoka alipo kinamrukia chenyewe mkononi. Huyo huyo. Leo kasimama, kaikunja ripoti ya mwaka ikawa kama fimbo, kaninyooshea, kasema: "Huyu mama anakula jasho la watoto."

Na watu WAKAPIGA MAKOFI.

Narudia. Wakapiga makofi.

Ile ripoti aliyoikunja nimeichapa mimi. Juzi hadi saa nane za usiku nilikuwa nabana kurasa kwa stepla mpaka kidole gumba kimeota sugu. Ukurasa wa 14, mstari wa tatu: "Mshahara wa mkurugenzi mtendaji." Nimeuandika kwa herufi nzito makusudi, mtu asihangaike kuutafuta. Mwizi gani anaandika wizi wake kwa herufi nzito halafu anaugawa nakala 80 mlangoni?

Miaka 6 nimeiendesha asasi hii bila senti. SITA! Mchana nimeajiriwa kwa watu, jioni niko na watoto tunasoma silabi, usiku naandika maombi ya ruzuku. Watoto walipozidi 200 ikabidi nichague, nikaacha ajira. Bodi ikakaa kujadili nilipwe nini, nikaambiwa toka nje. Nikatoka. Nimekaa kwenye ngazi dakika 40 nahesabu vigae. Wao wakaangalia asasi za ukubwa wetu zinalipa nini, wakakubaliana, wakaandika kwenye mihtasari, ndipo wakaniita. Kura sikupiga. Na nilichopewa hakifiki nilichokuwa napata kwenye ajira.

Hayo yote hakuuliza. Angeuliza ningemjibu, mihtasari ilikuwa mezani! Yeye alikunja ripoti.

Na katika waliopiga makofi yumo mwalimu wetu wa kujitolea, binti niliyemshika mkono tangu siku ya kwanza. Kapiga mara mbili, akaona namtazama, akajifanya anakung'uta vumbi viganjani. Hapo ndipo nilipokufa, wakuu. Sasa mimi nilipe kodi ya nyumba kwa kitu gani? Kwa shukrani? Mwenye nyumba wangu hapokei dua.

JiraniWaPili:
Pole sana dada. Vigae vilikuwa vingapi?

MhasibuMchovu:
Tuwekane sawa hapa. Asasi isiyo ya faida maana yake ziada haigawiwi kwa waanzilishi wala wanachama. Mshahara wa kazi iliyofanyika ni gharama, kama umeme. Marekani wana sheria tangu 1996: kiongozi wa asasi akilipwa zaidi ya inavyostahili, anatozwa kodi ya 25% ya kile kilichozidi, asiporekebisha inakuja ya 200%. Wajumbe waliopitisha huku wanajua wanatozwa 10%. Ona wenyewe, kinachoadhibiwa ni kuzidisha, kulipwa ruksa. Na mishahara ya viongozi inaandikwa kwenye Fomu 990, taarifa ya kila mwaka ambayo asasi hupeleka mamlaka ya kodi na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kutoka nje, kulinganisha, kuandika, dada kafanya inavyotakiwa.
Ila naomba kuuliza: bodi hiyo ni akina nani? Isije ikawa mume, kaka na shemeji.

KalamuNyekundu:
Shemeji mmoja, na siku hiyo nilikaa naye kwenye ngazi. Umeona ulivyouliza? Kiungwana. Yeye ALIKUNJA RIPOTI.

SautiYaChini:
Simtetei, lakini dada, miaka 6 kila bango lenu limeandikwa "tunajitolea kwa moyo". Watu wakizoea kukuona pekupeku, siku ukivaa viatu watauliza umeviiba wapi. Ungewaandaa.

KalamuNyekundu:
Nimewaandaa! UKURASA WA 14!

NauliYangu:
Afadhali wewe unalipwa kwa haki. Mimi nimejitolea miaka 2 kwa mwanzilishi mwenye mshahara, gari la mradi linapeleka wanawe shule, na mimi nauli natoa mfukoni. Nilipoomba nirudishiwe nikaambiwa kazi hii ni wito. Wito wake una mshahara, wangu una malengelenge. Na mimi ningepiga makofi.

KalamuNyekundu:
Wa kwangu nauli wanapewa kila wiki, wanasaini. Huyo wako siyo mimi.

FomuYaNne:
Mimi hasira zangu ni kwa wafadhili. Wanataka watoto 500 wajue kusoma, lakini mstari wa mishahara wanaupiga kalamu. Watasomeshwa na nani, na kuta? Mmoja alinishauri mshahara wangu niuite "uratibu wa warsha". Nilikataa.

MhasibuMchovu:
Ulikataa vizuri, hapo ndipo wakaguzi wanapokamatia watu. Andika mshahara uitwe mshahara. Dada mleta mada, la mwisho: bado una kura kwenye bodi? Uingereza, kwa mfano, mdhamini wa asasi ya hisani, yaani mjumbe wa bodi yake, halipwi kwa udhamini wake pasipo idhini maalumu, kwa hiyo waanzilishi wengi inabidi wachague, ama kiti cha bodi ama ajira.

KalamuNyekundu:
Nilijiuzulu ujumbe kabla ya kupokea mshahara wa kwanza. Barua yangu iko ukurasa wa 3. Aliukunja na huo.

ChapaHaraka:
Nakala 80 ulichapa za rangi au nyeusi?

JiraniWaPili:
Hili la vipaza sauti lingekuwa na uzi wake. Kuna mmoja namjua aliomba "neno fupi" akakaa nacho dakika 50. Betri ndiyo iliyotuokoa.

NauliYangu:
Turudi kwenye nauli.

FulanaKubwa:
Nauli? Sisi tulipewa fulana moja ya kujitolea watu wawili, tuvae kwa zamu.

NauliYangu:
Angalau mlipewa fulana.

FulanaKubwa:
Ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

KalamuNyekundu:
Jamani. Aliikunja ripoti, akaninyooshea, mbele ya wazazi wote.

ChapaHaraka:
Hiyo fulana ilichapwa mbele tu au na mgongoni?

FulanaKubwa:
Mgongoni tu, na jina la asasi lilikosewa.