Falsafa ya lugha: nimwambie nini baba mdogo?

Mwaka_wa_Pili
Wakuu, heshima kwenu. Nipo chuo, Dar, na muhula huu nimechukua falsafa ya lugha kwa hiari yangu. Naipenda. Shida ni baba mdogo anayenilipia ada. Ana duka la vipuri vya pikipiki, mtu wa hesabu. Jumapili kaniuliza, "Lugha unayo tangu una miaka miwili, sasa unasomea nini tena?" Nikamweleza habari za Frege, mwanafalsafa wa Kijerumani: nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, Zuhura, ila majina hayo mawili hayabebi maana ile ile, kwa sababu mtu anaweza kuyajua yote mawili asijue kuwa yanataja nyota moja. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ni nyota moja. Haya, umeshajua. Ada ya nini?"

Nikakosa jibu. Mlioisoma, iliwafaa nini kazini? Lile la "inapanua akili" msinipe, ninalo tayari.

Kabwela
Dogo, mshua ana hoja. Hamia uhasibu mapema.

Steshenari_Moro
Mdogo wangu, usihame popote. Mimi nilisoma falsafa miaka mitatu seminari kuu, nikatoka, sasa nina steshenari hapa Morogoro. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na kinacholipa kodi ya pango ni kuchapa mikataba ya mauziano ya viwanja.

Mwanzoni nilikuwa nachapa kile mteja anachotamka. Akaja mzee mmoja na mnunuzi wake: "Andika nimemuuzia kiwanja changu kilicho karibu na kisima." Nikaandika hivyo hivyo, wakasaini, mashahidi wakasaini. Baada ya miezi michache wamerudi wote wawili, sauti juu. Kumbe mzee ana viwanja viwili pale kisimani, kimoja juu ya njia, kingine bondeni maji yanakotuama. Mnunuzi anasema kanunua cha juu, mzee anasema kauza cha bondeni, na karatasi yangu inawakubalia wote. Nikawarudishia hela ya kuchapa. Aibu nikabaki nayo.

Usiku ule nikamkumbuka mwanafalsafa Russell, makala yake ya 1905, ule mfano wa mfalme wa sasa wa Ufaransa mwenye upara. Darasani tulicheka tu, Ufaransa haina mfalme. Ila Russell alikuwa anaonyesha kwamba anayesema hivyo anadai mambo matatu kwa mpigo: mfalme yupo, ni mmoja tu, na ana upara. Sentensi ya mzee ni ya ukoo huo huo, na iliangukia kwenye dai la pili. Siku hizi kabla sijagusa kibodi nauliza, "Pale unavyo vingapi?" Halafu naandika majirani wa pande zote nne.

Sasa utamu wenyewe. Russell alihangaika na kale kaneno ka Kiingereza, "the". Sisi hatunako. "Nimesoma kitabu" yaweza kuwa kitabu chochote. "Nimekisoma kitabu" ni kile tunachokijua mimi na wewe. Mzigo wote kaubeba -ki-. Je, hiyo -ki- inadai kwamba kitabu ni kimoja tu, au kwamba msikilizaji anajua kipi? Mimi nasema ni hilo la pili. Na ndilo lililowaponza wale wawili: kila mmoja alikuwa na kiwanja "kinachojulikana" kichwani mwake, ila si kile kile. Ningekuwa wewe ningeandikia hapo kazi ya mwisho wa muhula.

Bint_Mvita
Huku Mombasa mfano wetu ni talaka. Mwanafalsafa Austin, kwenye mihadhara yake ya Harvard ya 1955, alifundisha kwamba yako maneno ambayo kuyasema ndiko kutenda, kama naahidi. Lakini sharti usiwe unafanya mzaha, na mwigizaji akiyasema jukwaani hayashiki. Nilipofika hapo nikakiweka kitabu chini. Kwa wanazuoni walio wengi, talaka ya mzaha imepita! Iko hadithi ya Mtume ya mambo matatu ambayo dhati yake ni dhati na mzaha wake ni dhati: nikahi, talaka na rejea, yaani kumrudia mke uliyemwacha. Basi hilo sharti la Austin ni la lugha, au ni la desturi za kwao? Mwaka wa tatu huu naligeuza na bado halijanitoka. Muulize ami yako kama amewahi kumwambia mteja "chukua, utalipa ukipata" kwa utani, na mteja akachukua kweli.

Kabwela
@Steshenari_Moro mkuu, hapo kwenye kiwanja umenigusa pabaya. Sisi tuna kesi ya "shamba la marehemu" mwaka wa nne sasa. Marehemu aliacha matatu.

Mwaka_wa_Pili
Asanteni sana wakuu. Nimempigia jioni hii, Russell sikumtaja. Nimemwomba anisomee mstari mmoja kwenye daftari la madeni. Akasoma: "Juma bodaboda, cheni na sproketi, elfu ishirini na tano." Nikamuuliza, akina Juma unao wangapi? Kimya. Nasikia anafunua kurasa. "Wanne," akasema. "Ngoja kwanza, kuna mteja." Akakata simu, na mpaka sasa hajapiga.